Sauti ya Mlango Ukitolewa

Kama umewahi kupita soko la Nakuru asubuhi, sauti yangu unaijua. Ni mimi ninayesema, kutoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mkokoteni wa Ooko, kwamba tuna dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende na dawa ya viroboto. Nilirekodi maneno hayo mara moja tu, nikiwa na mafua, na tangu siku hiyo mji mzima unanisikia nikitaja wadudu kwa pua. Naitwa Nabalayo. Kwenye ploti, safu ya vyumba vya kupanga ninayoishi kule Kaptembwo, wananiita Mama Valarie, kwa sababu ya binti yangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha.

Jerry aliisikia sauti hiyo akiwa ndani ya gari la mamake, akaona amegundua dhahabu. Huyu Jerry ni mtoto wa Wanjugu, na Wanjugu ndiye mwenye ploti yetu na nyingine kadhaa. Sijui nimweleze vipi bila kutukana. Ni kijana mpole, ananukia vizuri, na sidhani amewahi kubeba ndoo ya maji mbali kuliko kutoka bombani hadi kwenye gari lake. Alisomea mambo ya kompyuta Nairobi, akaenda ng'ambo kidogo, akarudi na ndevu na huzuni. Huzuni yenyewe ilikuwa ya watu wengine. Alitaka kutengeneza gemu ya watu wasio na makao.

Nilidhani nimesikia vibaya. Gemu ninazozijua mimi ni zile za vijana pale kibandani karibu na steji ya matatu, za mpira na magari na kutoana meno. Jerry akanieleza taratibu, kama daktari anayezungumza na mgonjwa mzito wa masikio, kwamba siku hizi kuna gemu za kulainisha moyo. Unashika simu yako, unakuwa mama aliyefukuzwa kwenye nyumba, unazunguka mjini na mtoto mgongoni ukitafuta pa kulala, na ukimaliza unakuwa binadamu bora kuliko ulivyoanza. Nikamuuliza ni nani atanunua kitu kama hicho. Akasema watu wa Ulaya wanazipenda sana. Hilo nililiamini papo hapo. Aliyeshiba, aliyejilaza kwenye kochi na blanketi miguuni, ndiye peke yake anayeweza kutoa pesa ili afukuzwe kwa nyumba.

Alitaka niwe sauti ya mama huyo, ambaye yeye mwenyewe alimwita Mama Tumaini. Nilikubali. Kazi ni kazi, na baada ya kunguni na mende sikuona kama nashuka cheo.

Studio yake ilikuwa nyuma ya nyumba yao Milimani, kile chumba kilichojengewa mfanyakazi. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isivume. Nilimuuliza mfanyakazi analala wapi sasa, Jerry akasema wamempangia kitu. Baadaye nilikwenda jikoni kuomba maji nikaona godoro limekunjwa nyuma ya friji. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukosa makao kwa ajili ya gemu ya wasio na makao alikuwa msichana anayempikia Jerry chai. Nilimwonyesha Jerry lile godoro. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kweli maisha ni magumu.

Alinipa simu nicheze kidogo ili nimwelewe mama ninayemwigiza. Juu ya kioo kulikuwa na mstari wa kijani. Huo, akasema, ni mstari wa tumaini, na ukiisha mama anakaa chini, muziki wa huzuni unapigwa, mchezo umekwisha. Nikamwendesha Mama Tumaini. Nilitaka aende akamwone dada yake. Hakuwa na dada. Nilitaka aende kwa akina mama wa kanisani. Hakuwa na kanisa. Nilitaka abishe kwa jirani aombe kuweka vyombo vyake kwa muda, lakini jirani alikuwa picha tu iliyochorwa ukutani, haina mlango. Mwanamke mzima hakuwa na shangazi, hakuwa na chama cha kuchangiana, hakuwa na hata mtu mmoja wa kugombana naye. Alichoweza kufanya ni kunyoosha mkono na kusema naomba. Mstari wa kijani ukaisha akiwa ameketi kando ya barabara, nywele zikiwa zimechanwa vizuri, na Jerry akanitazama aone kama nimelia.

"Amezaliwa na kompyuta huyu," nikamwambia.

Akacheka kwa heshima, akasema hayo ni maoni muhimu.

Sasa ni lazima nieleze habari ya milango, maana hapo ndipo ujinga wa Jerry ulipokutana na chumba changu. Wanjugu haandiki barua za kumtoa mpangaji. Haendi kortini wala haiti polisi. Humtuma Kang'ethe, fundi wake wa miaka yote, naye huja asubuhi na nyundo na patasi, anagonga pini za bawaba, anaung'oa mlango wako na kuubeba kichwani hadi chumba cha mwisho cha ploti, kile kisichopangishwa, ambako milango mingine inangoja. Basi. Hakuna kelele wala matusi. Lakini chumba kisicho na mlango Kaptembwo huwezi kukiacha uende kazini, wala huwezi kufumba macho ndani yake. Kabla jua halijatua unakuwa umehama mwenyewe, tena unaona haya, na kila mtu anajua kwa nini. Kang'ethe akishabeba mlango, hakuna anayeuliza swali. Wanaochungulia wanachungulia, na wanaotafuta chumba wanakuja mbio.

Mlango wangu haukuwahi kuguswa. Nalitaja hili kwa majivuno na sitaki kusamehewa. Baba yangu alikuja kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli, na alipostaafu nyumba ya reli ikachukuliwa, tukakaa barazani kwa watu na masufuria yetu, mimi nikiwa msichana mdogo niliyeshika taa ya mafuta kana kwamba mtu angeiiba. Nilijiambia siku ile kwamba mimi sitatolewa nje tena maishani. Chumba changu ni kimoja tu, kina dirisha dogo na ukuta unaovuja kwenye kona, lakini nimekilipia bila kuchelewa tangu Valarie akiwa shule ya msingi. Hakuna kitu kingine duniani ninachoweza kukionyesha nikasema hiki nimekishika.

Siku moja Jerry akasema amekwama. Alitaka sauti ya mlango ukitolewa. Alikuwa amesikiliza sauti nyingi kwenye mtandao, lakini ilikuwa milango ya huko Ulaya, inayojifunga kwa adabu. Alitaka mlango wa Kaptembwo, wa mbao uliopigiliwa bati, na alitaka ung'olewe na mtu mwenyewe anayeng'oa. Yaani alitaka Kang'ethe. Na kwa kuwa Mama Tumaini alikuwa mimi, aliona lingekuwa jambo la maana sana kama mlango ungekuwa wangu. Nilimuuliza kama mamake anajua. Akasema mamake hana shida.

"Auntie, ni dakika tu," akaniambia. "Tunatoa, tunarudisha. Hutajua hata ilitoka."

Alikuja katikati ya wiki, asubuhi, watu wengi wakiwa wameenda kazini. Weldon, msimamizi wa ploti, alikuwa ametumwa mjini kununua bomba la maji. Jerry alivaa hedifoni kubwa, akashika maikrofoni iliyovikwa manyoya kama paka aliyekufa, akapiga magoti mbele ya mlango wangu kwa unyenyekevu ambao mamake hajawahi kuuona kwake kanisani. Akampa Kang'ethe ishara. Kang'ethe hakushangaa wala hakuuliza. Ni mtu wa kulipwa na kugonga. Alipiga pini ya kwanza, ya pili, bawaba zikalia, mbao zikakwaruza sakafu, na nikajikuta nimeshika kifua. Nilijua ni mchezo. Lakini sikuuondoa mkono.

Wakati uleule bodaboda ikapita kwenye kichochoro ikipiga honi, na kijana aliyeiendesha akanipigia kelele, "Mathe, songa kando!" Jerry akafumba macho kama aliyechomwa sindano. Akasema imeharibika, turudie. Kang'ethe akaurudisha mlango mahali pake, akagonga pini zikaingia, akauondoa tena. Safari hii kinu cha kusaga mahindi upande wa pili kikaanza kunguruma. Jerry akatikisa kichwa. Akasema mlango ukae hivyohivyo nje, tuende kwanza Milimani tukarekodi maneno ya Mama Tumaini, na mchana kinu kikinyamaza turudi tumalize. Nilimwomba Kang'ethe akae aangalie vitu vyangu. Akaitikia kwa kichwa, na kichwa cha Kang'ethe huitikia kila kitu.

Kule studio nikasimama kati ya trei za mayai nikasema naomba tu mahali pa kulala, mimi na mwanangu. Nikasema mara nyingi, na kila mara Jerry alitaka niseme chini zaidi. Nilimwambia aliyetolewa kwa nyumba hasemi hivyo, anatukana, anatukana mwenye nyumba na mama aliyemzaa. Jerry akasema yeye na wenzake wa ng'ambo walijaribu hivyo mwanzoni.

"Punguza hasira, Auntie. Wachezaji hawampendi akikasirika. Wanaacha kumhurumia."

Kwa hiyo nikapunguza. Nikawa mpole, nikavunjika sauti pale alipotaka ivunjike, huku moyoni nikimwonea kinyaa yeye na hao wachezaji wake ambao huruma yao inataka kubembelezwa isije ikakimbia. Mchana ukaja. Jerry akapigiwa simu na wenzake wa ng'ambo, wakazungumza na kuzungumza, kisha akasema habari ya mlango tutamaliza kesho, Kang'ethe ameshaambiwa aurudishe. Nilimwamini. Nikapanda gari nikarudi nyumbani jua likianza kuteremka.

Mlango wangu ulikuwa mahali pake. Juu yake ilining'inia kufuli ya mtu mwingine, haijafungwa.

Vitu vyangu vilikuwa chini ya kamba za kuanikia nguo, vimepangwa vizuri, kitanda, godoro, masufuria yameingizwa moja ndani ya jingine, jiko, pazia limekunjwa, na turubai juu yake isije mvua ikanyesha. Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye kitanda changu akilinda. Aliponiona aliinuka, akanishika mkono, akaniambia pole na akaangalia chini. Kwa nini sikumwambia kama nina shida ya kodi, akauliza, wangechanga kitu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kabla ya kuambiwa chochote, Kang'ethe aliona kazi imekwisha, akafanya kama alivyozoea. Aliubeba mlango kichwani kuupeleka chumba cha mwisho. Njiani akakutana na Weldon anarudi na bomba lake. Kwa Weldon mambo yalikuwa yamesemwa yote. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimsumbua kila siku kutafuta chumba, akampigia simu, akaja na vitu vyake, mlango ukarudishwa kwa ajili yake, na vyangu vikatolewa kwa heshima zote.

Nilimfuata Weldon bombani. Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Mama Valarie, mimi nilipata Kang'ethe amebeba mlango," akasema. "Ningeuliza nini?"

Na kweli, angeuliza nini? Ungemwambia nani Kaptembwo kwamba mlango umeng'olewa ili Mzungu fulani ausikie kwenye simu?

Nikarudi nikagonga mlango wangu mwenyewe. Aliyefungua anaitwa Chepkorir, mwanamke mdogo, mtoto mgongoni, ametoka Mai Mahiu ambako maji yalichukua nyumba na kibanda alichokuwa akiuzia madereva wa malori chakula. Alikuwa amelala kwenye ukumbi wa kanisa na watu wengine mpaka uvumilivu wa kanisa ukaisha. Nilikuwa nimejiandaa kumtoa kwa nywele. Nilimweleza kwamba chumba ni changu, kwamba mlango ulitolewa kwa mchezo. Alinitazama vile unavyomtazama mlevi anayekuambia basi limempita kwa sababu ya siasa. Kisha akaniambia pole sana, mama, Mungu atakufungulia. Ile pole yake ilinichoma kuliko tusi. Alidhani mimi ni mmoja wa wale wasiolipa, na alinihurumia kwa sauti ileile ambayo Jerry alikuwa amenifundisha siku nzima.

Nilipewa kona kwa jirani, na asubuhi nikaenda Milimani. Wanjugu alinikaribisha, akaniletea chai, akasikiliza habari yote na kucheka mpaka akafuta macho. Alimwita Jerry mjinga mbele yangu. Nikafikiri basi, yamekwisha. Kisha akaweka kikombe chini akaniambia kwamba anasikitika, ila haiwezekani.

"Mama Valarie, mlango yangu ikitoka hairudi kwa mtu yule yule. Nikurudishie wewe, kesho ploti yote iko hapa na stori. Huyo mwingine ashalipa."

Nilimkumbusha kwamba mimi pia nimelipa. Akasema anajua, tena mimi ni mpangaji mzuri, chumba kingine kikipatikana nitakuwa wa kwanza kuambiwa. Alisema haya kwa upole wa kutisha. Nadhani hakuniona kabisa. Aliona mlango, na heshima ya mlango wake ilikuwa kubwa kuliko mimi. Nikamgeukia Jerry. Alikuwa amesimama karibu na pazia, machozi yamemlengalenga, na nikadhani sasa ataongea, ni mamake, ni gemu yake, ni yeye aliyeniambia ni dakika tu. Akasogea polepole na simu mkononi.

"Auntie, hiyo yote umesema, unaweza kurudia? Hivyo hivyo tu, na hiyo hasira. Nirekodi."

Nimeishi na watu wabaya. Nimefanya kazi chini ya wakora, nimeolewa na mmoja. Lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau kijana yule dakika ile, na dharau yangu ilikuwa safi, haina hata chembe ya hofu. Mama amechukua chumba, mtoto anataka na kilio. Nilimaliza chai yangu kwa sababu sukari ilikuwa nyingi na sikuona sababu ya kuwaachia, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ooko. Ooko si mtu mzuri. Dawa yake ya panya nimeona panya wakiinenepea. Lakini anapenda vituko kuliko chakula, na nilipomweleza aliketi juu ya ndoo akapiga mapaja. Akaniwekea kile kipaza sauti mdomoni, na safari hii sikuwa na mafua.

Jumapili, ibada ilipokuwa inatoka, mkokoteni wa Ooko ulikuwa ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya lango la kanisa analosali Wanjugu, ambako ni kiongozi wa akina mama na hukaa kiti cha mbele chenye mto. Watu walitoka na Biblia zao na watoto wao waliopakwa mafuta. Na sauti yangu, ile inayojulikana mji mzima, ile ya wadudu, ikawasalimu.

"Kuna panya, kuna kunguni, kuna mende, na kuna Wanjugu wa Milimani. Panya anakula unga, Wanjugu anakula milango. Mpangaji amelipa, mlango umetolewa mtoto wake apate kucheza gemu. Dawa ya panya tunayo, dawa ya mende tunayo. Dawa ya Wanjugu bado tunatafuta."

Halafu inaanza tena. Hiyo ndiyo raha ya kile chombo, hakichoki. Wazee walijikaza wasicheke na wakashindwa. Vijana walitoa simu wakarekodi. Mchungaji aliyekuwa akisalimia watu langoni alisikia mara ya kwanza, akadhani hakusikia, akasikia mara ya pili, akarudi ndani. Wanjugu alitoka akiwa na kofia yake ya zambarau, na watu wakampisha njia kwa namna ambayo hakuna mtu anapenda kupishwa. Alivuka barabara akamwambia Ooko azime. Ooko akamwambia mashine imeharibika kitufe. Hadi chakula cha mchana kila kikundi cha kanisa, cha chama na cha wazazi wa shule kilikuwa kimetumiwa sauti hiyo, na mtu mmoja anayechoma nyama kule Kikopey alimpigia Weldon kuuliza kama Wanjugu anaumwa.

Hakubadilika moyo, usije ukadhani. Watu kama yeye hawabadiliki, wanahesabu tu upya. Jioni hiyohiyo alikuja kwenye ploti bila kofia, akamwambia Weldon afungue chumba cha mwisho, atoe milango yote aipange uani, ili Chepkorir ahamie humo na mimi nirudi kwangu. Kumbe chumba kilikuwepo siku zote. Kilikuwa kimepangishwa na milango.

Tuliitoa sisi wenyewe, wapangaji. Sikujua ni mingi hivyo. Kulikuwa na mlango wenye stika ya Yesu, na mwingine uliochorwa moyo kwa chokaa, na mwingine mtu alikuwa amepigilia kiatu kidogo cha mtoto, sijui kwa nini. Nilikumbuka wengi wao. Yule aliyekuwa akiuza mboga, yule mwalimu wa chekechea, wale mapacha na mama yao. Nilikuwa nimewatazama wakihama mmoja mmoja, nikiwa nimesimama mlangoni pangu na majivuno yangu, na sasa milango yao ilikuwa imeegemezwa ukutani pamoja, kama watu waliopanga foleni. Wanjugu alisimama kando na mkoba wake akituambia tusiikwaruze.

Jerry naye alikuja. Na maikrofoni. Nasema kweli. Alisimama uani, hedifoni masikioni, akimnyooshea Weldon lile paka lake ili lisikie milango ikiburutwa. Nilimwendea nikamwambia shika upande huu, tubebe. Kwa mshangao wake mwenyewe alishika. Tulifika nusu ya ua, kibanzi kikamwingia kidoleni, akauachia upande wake, akaenda kukaa ndani ya gari akinyonya kidole.

Chepkorir alizunguka ile milango akiigusa. Chumba cha mwisho hakikuwa na mlango wa maana, kilikuwa na bati tu lililofungwa kwa mnyororo, kwa hiyo aliambiwa achague. Alichagua ule uliokuwa na alama za kisu ubavuni, alama moja juu ya nyingine, mahali ambapo mzazi fulani alikuwa akipima mtoto wake anavyokua. Hakuniambia pole tena. Alinisaidia kubeba godoro langu, nami nikamsaidia kubeba lake.

Gemu ilitoka baada ya muda, na Valarie alipokuja kunisalimia kutoka Naivasha alikuwa nayo kwenye simu. Alisema inasifiwa kila mahali, imepata tuzo huko Ulaya, na Jerry anahojiwa akiwa amevaa shati la kitenge. Sikutaka kuiona. Lakini ni mtoto wangu, na alitaka kumsikia mama yake, basi tukaketi kitandani akabonyeza. Mama Tumaini alikuwa amesimama ndani ya chumba chake. Kisha skrini ikawa nyeusi, na ikaja sauti ya pini ya kwanza ikigongwa, na ya pili, bawaba zikalia, mbao zikakwaruza sakafu. Nilishika kifua tena. Na halafu, wazi kabisa, honi ya bodaboda, na kijana anapiga kelele, "Mathe, songa kando!"

Nilimwambia Valarie arudie. Akarudia. Ilikuwa ile ya kwanza. Ile aliyosema imeharibika, ambayo baada yake mlango ulirudishwa mahali pake na pini zikaingia, na chai yangu ilikuwa bado ya moto kwenye jiko. Valarie akasema hiyo honi ndiyo watu wanaipenda kuliko kitu chochote kwenye gemu nzima. Jerry amesema kwenye mahojiano kwamba aliisikia mara moja akajua hahitaji kurekodi nyingine.

Niliinuka nikaenda kufunga. Tangu ule mchezo wa Kang'ethe wa kutoa na kurudisha, bawaba ya chini imepinda, na mlango wangu haufungi mpaka niuinue kwa bega.